Siku Pilau Iliponifikisha Stesheni ya Tura

Hili la pilau nimelificha sana, jamani, na hata leo mtu akiligusia uso unanishuka, lakini kwa kuwa mmeniapia hamtacheka (tayari namwona mmoja anaziba mdomo), haya, sikilizeni.

Nilikuwa bibi harusi mpya kutoka Kanyenye, Tabora mjini, mume wangu yuko kwenye genge la reli lililopiga kambi Tura kipupwe kile, na nyumba yetu ilikuwa behewa. Ndiyo, behewa la magurudumu, limeegeshwa njia ya pembeni pamoja na ya wenzetu, kamba za nguo toka mlango hadi mlango, na asubuhi baridi inawakusanya wanawake wote kwenye moto mmoja. Mimi nilikuwa siendi. Nilijiona mtoto wa mjini, nikiwasalimu wale wa vijijini nikapita zangu. Mara mama mkwe akatuma salamu kwamba anakuja kunitazama, na mume wangu akaninong'oneza kuwa akiona naishi vibaya ataondoka nami hadi Tabora. Nami sikutaka kutengana na mume wangu, nilimpenda.

Siku ya ugeni nikainjika pilau ya kuku humo humo behewani, nikapalia makaa juu ya mfuniko kama tunavyofanya kwetu. Mnyapara akapita akipiga kelele, treni ya mizigo inataka njia yetu, mabehewa yanasogezwa. Desturi ya kambi ilikuwa injini ikija kila mke anazima moto, anashuka na masufuria yake. Jirani yangu Mama Yohana, Mnyamwezi wa makamo, akaja mlangoni.

“Shuka, mwanangu. Ipua kwanza.”

“Pilau haiipuliwi kabla haijakauka, mama,” nikamjibu (kidomo changu kile!), “nitaishikilia.”

Injini ilipogonga behewa, mimi huku, sufuria kule, makaa yakatawanyika, mkeka ukashika moto, nikanyakua ndoo nikamwaga maji, moshi ukajaa, nikateleza kwenye samli nikabiringika juu ya wali, na behewa linakwenda tu. Liliposimama nikafungua mlango nipumue, kumbe tumewekwa mbele ya stesheni, treni ya abiria ya Tabora imeshafika, watu wamejaa madirishani, Mzungu wa reli kasimama na kipenga mdomoni, na mbele yao wote, kikapu mkononi, mama mkwe.

“Shikamoo, mama,” nikasema, wali ukinidondoka kichwani.

Stesheni nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka, akanikagua toka kichwani hadi miguuni. Nikajua basi, nikafunge nguo zangu.

Ndipo wakatokea wale wanawake, wameona moshi, wanakimbia kando ya reli. Mmoja akanifunika kanga yake, wengine wakapanda kuzima makaa, na Mama Yohana akampokea mama mkwe kikapu, akamwambia karibu, ugali na kisamvu viko tayari. Tukala sote, mimi nimeinamisha kichwa, nakula mboga ya watu ambao sijawahi kuwakaribisha hata maji, nikaapa kimoyomoyo kwamba jirani akiniambia shuka tena, nashuka, maswali baadaye.

Jioni mama mkwe akaniita pembeni.

“Nilikuja kukuchukua,” akasema. “Niliogopa uko peke yako huku porini. Kumbe una watu. Baki na mumeo.”

Nikasema ahsante, mama, na machozi yakanitoka, maana asubuhi ile sikuwa nao.