Mpunga wa Marsiana Saa Saba Mchana

Kila Januari Marsiana alifunga mlango wa nyumba yake kijijini Namawala, akabeba sufuria, mikeka na kuku wake watano, akahamia na wanawe watatu kwenye dungu, kibanda cha kulindia shamba, mpaka mavuno. Watu wengi wa bondeni hufanya hivyo, ila wenye baiskeli nzuri huona ni afadhali kwenda na kurudi. Shemeji yake Dionisi alikuwa na baiskeli nzuri mno.

Machi ya mwaka tisini na saba mvua ilikatika wiki tatu nzima. Dionisi alifika saa saba, jua la utosi, akakuta majani ya mpunga yamejikunja kama sindano.

"Shemeji, huu umekufa. Kesho naleta ng'ombe waumalize. Mwenye ng'ombe hao, mfugaji mmoja, ameahidi kutulipa mtamba."

Shamba lilikuwa la marehemu mumewe, na kauli ya mwisho ilikuwa ya ukoo, yaani ya Dionisi. Marsiana hakuwa na kingine cha kulisha wanawe.

"Haujakufa. Umejifunika khanga kwa sababu ya jua," alisema. "Njoo uuone kabla halijachomoza. Nakuomba, kwa ajili ya kaka yako."

Wasomi watakuambia kwamba chembe hai za juu ya jani zikipungukiwa maji hunywea, jani likajikunja, na vitundu linavyopumulia vikajifunga ili maji yaliyobaki yasipotee. Usiku mizizi ikivuta unyevu, chembe hujaa tena. Marsiana hakuwa na maneno hayo. Alikuwa na macho, na kila alfajiri ilimkuta palepale.

Kesho yake Dionisi alifika akipiga miayo. Mpunga ulikuwa umekunjua majani, mapana, mabichi. Akashika jani moja, akashika la pili. Kisha akaketi chini vumbini na suruali yake safi.

"Shemeji," alisema, "mpunga wa shamba langu niliutazama saa saba."

"Lini?"

"Juzi. Ng'ombe wameshaumaliza."

Marsiana alikuwa amejiandaa kumsuta, na haki alikuwa nayo. Lakini aliwakumbuka watoto sita wa Dionisi, akamwonea huruma kwelikweli. Akamshika mkono, akamwinua.

"Kamlete mkeo na watoto, mje na majembe. Magugu haya yanaunyang'anya mpunga maji, na sasa sote hatuna mwingine ila huu."