Nimemfukuza Kipa Ukweni

Ndugu zangu, niambieni uso wangu niuweke wapi. Leo nimemfukuza kipa wa timu yetu mbele ya mama yake mzazi!

Nilipanda Marangu kupeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, ya posa. Shikamoo zikaisha, kata ikazunguka, baba mkwe akauliza timu isajili nani msimu ujao.

Mpira! Hapo ndipo ninapopaweza.

Nikasema tutafute winga wa kushoto, mabeki wabaki. "Lakini huyu kipa Komeo aachwe, Mzee! Mpira unamponyoka kama sabuni."

Wakatazamana.

Nikadhani hawajanielewa. Nikasimama, nikaigiza anavyodaka, mpaka nikapiga magoti sakafuni.

Jamani, mimi Komeo namsikia redioni tu. Mchumba wangu aliniambia kaka yake Aloyce anafanya kazi kiwandani Moshi, basi. Ningejuaje kwamba Aloyce ndiye Komeo, na ndiye aliyekuwa akinichotea mbege tangu nifike?

Mama yao alitoka nje, akajifanya anafukuza kuku.

Aloyce akaweka kata chini. "Shemeji, lile bao la mwisho jua lilinipiga machoni."

Hakukasirika. Heri angekasirika!

Nikaenda kwenye ua wa kihamba, shamba lao la migomba, nikachuma jani la sale. Mnajua wenyewe, ukiombwa radhi kwa sale hukatai. Nikarudi nalo mbele ya wote, nikamnyooshea Aloyce.

Likaniponyoka.

Aloyce akalidaka kabla halijagusa sakafu.