Siku Mwimbaji Alipotaka Kufumuliwa

Tarehe tatu mwezi huu tulimzika mama. Leo dada yangu amechoma ncha za rasta zake kwa kiberiti, na harufu ile ikanirudisha utotoni, saluni kwa mama, Matonge, mtaa wa Waafrika ughaibuni.

Siku moja kitini alikaa mwimbaji wa Kibrazili. Nyimbo alitunga mwenyewe, akiimba kwenye baa ndogo. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, alitakiwa kuimba ukumbi mkubwa, Flagey. Kabla nywele hazijaisha kusukwa akapigiwa simu: mama yake amefariki, kwao Brazili.

"Nifumue," akasema kwa Kifaransa, akilia. "Siimbi tena."

Mama yangu hakufumua. Akamjibu kwa Kifaransa, ingawa mimi nakumbuka kwa Kiswahili chetu. "Chérie, kwetu Lubumbashi muntu akikufa, tunaimba mpaka asubuyi. Sasa wewe ukinyamaza, nani atamuimbia?"

"Muache mutoto ya batu alie, maman!" mteja mmoja akamkemea.

"Bon, alie. Atalia na kuimba."

Mwimbaji akaanza, kwa sauti ya chini, wimbo aliomtungia mama yake. Wanawake wote wakaitikia bila kujua maneno, na mama yangu akaendelea kusuka hadi akachoma ncha kwa kiberiti.

Jioni mama alifunga saluni mapema, tukamsindikiza mwimbaji kwa miguu hadi mlangoni pa Flagey. Akaingia kuimba.