Vidonge vya Mdogo Wangu

Joto lilinianzia shingoni, dukani, mbele ya wateja, mwaka wa pili tangu nikome kuona mwezi. Nilikuwa najipepea kwa kipande cha katoni huku nikiwakemea watu bure. Mdogo wangu aliye Bukavu, aliyetolewa kizazi kwa upasuaji, alikuwa akimeza vidonge vya homoni alivyoandikiwa na daktari, na joto lake lilikuwa limekwisha. Nikamwomba anitumie. Tumetoka tumbo moja, nikasema, kinachomfaa yeye kitanifaa na mimi.

Na kweli vilinifaa. Nililala usingizi kama binadamu wengine. Kisha, katikati ya Ramadhani, damu ikarudi.

Nikaacha kufunga, kama ilivyo sheria, nikawa nakula muhogo nyuma ya jiko. Mke mwenzangu akanikuta mdomo umejaa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"We dada, umerudi musichana!"

Kabla ya Idi habari ilishafika machimboni Salamabila, kwa mume wetu anayenunua dhahabu. Akarudi na kitenge kipya, na jina la mtoto nitakayemzalia tayari, la marehemu mama yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikaenda kwa siri kituo cha afya. Muuguzi alikigeuzageuza kile kikopo cha vidonge.

"Nani alikuandikia hii dawa, mama?"

"Hakuna mutu. Ni ya mdogo wangu, walimutoa kizazi."

"Ye hana kizazi. We uko nacho. Mwenye kizazi anapewaka na dawa ya pili, ya kukichunga. Hii peke yake inakinenepesha ndani, na kansa inaweza kuingia. Na damu nyuma ya mwezi kukoma haiko ya kungojea. Acha hii, uende hospitali, wakuangalie."

Niliacha. Joto likarudi na hasira zake zote, na damu haikukatika; nikaificha. Hospitali kubwa iko mbali, na mimi sisafiri bila ruhusa ya mume wangu. Mara mbili nilijaribu kumweleza. Kila mara alikuwa ananitazama tumboni kwa upole ambao sijauona tangu harusi, nikameza maneno.

Asubuhi moja nikamwambia tu, "Unipeleke hospitali."

Akadhani mimba imeshaingia. Akafuta kiti cha pikipiki, akakunja kile kitenge na kukitandika juu, nisiumie. Nikapanda, mwongo mwenye hofu. Njia nzima alikwepa mashimo, polepole, kwa ajili ya mtoto.