Kandambili za Waya Mwekundu

Siku niliyotoa ushahidi nyuma ya pazia, nusura nijitaje bila hata kufungua mdomo.

Vita vilikuwa bado vinatuhangaisha huku Fizi. Mwanangu Nicolas, fundi wa redio, aliuawa sokoni Baraka mchana kweupe, waaskari walipowamiminia watu risasi. Mi nilimwona komanda wao akinyoosha kidole upande wa meza za mafundi.

Baadaye tukasikia majaji wa kijeshi wanakuja, kesi itasikilizwa hapahapa Baraka, kwenye ukumbi wa parokia. Nikakubali kusema.

Wakili wetu, maitre Roger, alinipanga vizuri. Ningeingia kwa mlango wa nyuma, uso umefunikwa, nikae nyuma ya pazia, jina langu lisitajwe kabisa. Maana vijana wa komanda walikuwa bado wanazunguka mjini na bunduki, na walishaapa kwamba atakayesema atamfuata marehemu wake.

Basi nikaingia. Nikakaa. Upande wa pili wa pazia nikamsikia komanda akikohoa.

Ndipo nikatazama chini.

Miguu mitupu! Kwetu matangani unaacha viatu nje, na humu ndani walikuwa wanaenda kumtaja Nicolas. Nilivua pale mlango wa nyuma bila kufikiri.

Na kandambili zangu Baraka nzima inazijua. Nicolas mwenyewe ndiye aliyezifunga kwa waya mwekundu wa redio. Na pale nyuma mi nilimwacha mwaskari wao mmoja anavuta sigara.

Nikataka kukimbia. Jaji akauliza nilimwona nani siku ile.

Nikasema, "Ni yeye. Mi nilimuona na macho yangu."

Maitre Roger aliponitoa nje, kandambili hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na viatu vyeusi vya mpira, vya mtu mwingine. Nikajua nimekwisha. Akanihimiza, nikavivaa, tukaondoka.

Sikulala. Kila mbwa akibweka nasema ndio hao.

Asubuhi mlango ukagongwa. Nikachungulia, nikamwona Kabanyana, mama wa milimani anayeuza maziwa. Mumewe Gisaro alikufa siku ileile na Nicolas. Lakini vita vilikuwa vimetufanya hata tusisalimiane, watu wake na watu wetu.

Akatoa kandambili zangu ndani ya ndoo ya maziwa.

"Mama Nicolas, jana nilienda kunywa maji kule nyuma ya ukumbi nikaziona," akasema. "Mwaskari alikuwa amegeuka. Nikazivaa, nikaikala benchi ya mbele. We unasema, mi niko naangaliwa. Vijana ba komanda baliangalia hii miguu mpaka mwisho."

"Na kama bangekushika?"

"Bangesema nini? Sauti inatoka nyuma ya pazia, na mi niko mbele yabo."

Nikamuuliza yeye wa milimani alizijuaje.

"Ule waya. Nicolas alifunga nao redio ya bwana yangu. Iko nyumbani mpaka leo."

Nililia pale mlangoni, sina aibu kusema. Kisha nikamvutia kiti, nikamrudishia viatu vyake.

Komanda alifungwa. Lakini mtu akinieleza leo kwamba watu wa fulani wote ni adui, namwambia angoje kwanza siku atakayoogopa kweli. Siku hiyo ndiyo atajua nani ni wake.