Nisindikize Kidogo, Mama

Ilikuwa miaka ile maduka ya Arusha yalipoanza kujaa tena, na mama yangu akajaa nayo. Daktari akamwambia apunguze uzito, la sivyo presha itamwondoa: atembee kila siku, sukari aiache. Mama akamsikiliza kwa heshima zote. Tulipofika kwake Daraja Mbili akachemsha chai, akatia sukari vijiko vinne.

"Tulipanga foleni mpaka miguu ikavimba tupate kilo moja," akasema. "Leo imejaa kila duka ndiyo mnaniambia niache? Wee!"

Na kutembea je? Hapo akacheka kabisa. Mtu mzima azunguke mtaani, hana anakokwenda, hana alichobeba, watu wamwonaje? Nikamfokea, mimi na hasira zangu. Akaninunia wiki nzima. Lakini niliogopa jamani. Baba alishatangulia, na huyu ndiye niliyebaki naye.

Basi nikaona nimpate kwa adabu zake mwenyewe. Mama hakuwahi kumwacha mgeni aondoke bila kumsindikiza. Nikawa napitia kwake kila jioni nikitoka kazini, na nikiaga namwambia, "Nisindikize kidogo, mama." Mwanzoni aliishia kwenye bomba la maji, akaegemea ukuta akihema. Nikawa namchokoza kwa habari za mashangazi, anasahau uchovu, tunasogea. Mwishowe tukawa tunafika barabara ya kwenda Njiro, ninakokaa.

Tatizo likawa njaa. Akirudi anapiga makande sahani mbili, na mwenyewe ananisimulia bila aibu! Mizani ya kliniki ikagoma kushuka. Nikagomba.

"Unanitembeza kama ng'ombe wa mnadani, halafu nisile?" akasema.

Tukacheka hadi machozi. Akakubali sahani moja, mboga za majani nyingi, na kijiko kimoja cha sukari, akikinung'unikia. Taratibu gauni zikaanza kumpwaya.

Kisha malaria ikanilaza. Siku moja mchana mlango ukagongwa, nikajikokota kufungua. Mama! Peke yake, kwa miguu, vumbi hadi magotini, hotpoti ya mtori mkononi. Wala hakuwa anahema.

"Kimya gani hiki? Nikasema leo nije mimi," akasema, akinipita kuingia ndani. "Kaa ule. Na nikiondoka usinisindikize, njia naijua."

Nikaangua kilio. Mama akanigusa paji la uso, akasema kumbe homa bado iko juu.