Mbuzi wa Mbio Zangu

Watu wakisikia nilikuwa mkimbiaji wa chuo hudhani nilikuwa nikilipwa. Thubutu! Mlipaji nilikuwa mimi. Mwaka wangu wa pili pale Dar es Salaam kila siku niliamka alfajiri nikakaanga vitumbua, nikawauzia wenzangu bwenini, kisha nikaenda mazoezini na njaa yangu, maana kila kitumbua kilikuwa cha ada. Mkimbiaji anatakiwa ale. Mimi nilikuwa nawalisha waliolala.

Hata hivyo ada haikutimia. Mhasibu alishanizoea, akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijasalimia. Siku moja mwalimu wa michezo akaniita.

"Chuo kimekubali," akasema. "Atakayeingia tatu bora kwenye mashindano ya vyuo anasamehewa ada mpaka amalize. Lakini nauli ya Dodoma juu yako, na ununue viatu vya misumari. Hizo raba zako zimekwisha."

Nikamwuliza nitatoa wapi. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akanijibu, akaenda kunywa chai. Kuinama! Mgongo wenyewe ulikuwa umeshagusa chini. Na ada isipolipwa mwisho wa muhula, nilijua, nafungasha.

Nikashika njia ya kwetu Mbwera: basi mpaka Kibiti, lori mpaka Nyamisati, halafu boti. Mama, mjane mwenye shamba moja la mpunga, alinisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga kiunoni akatoka. Alipita nyumba hadi nyumba. Mjomba, kaka yake, anayekata mikoko, akauza boriti alizokuwa ameziweka za kujengea. Wavuvi wakatoa, wakulima wakatoa. Nauli ikapatikana, pesa ya viatu ikapatikana, na ya kula ikabaki. Nilimbusu mama mikono, nikaanza kupanga nguo.

Asubuhi bibi, mama yake mama, akauliza kutoka kitandani, "Na wazee mmeshawaambia?"

Hapo nikajua nimekwisha.

Baba yake bibi ndiye aliyepeleka habari wakati wa vita vya Maji Maji, kutoka milima ya Matumbi mpaka mtoni, kwa miguu, na katika ndugu zake ni yeye peke yake aliyerudi. Kaburi lake liko pale pale Mbwera. Tangu nishinde mbio za shule ya msingi, bibi anasema miguu hii ni ya baba yake, imepotea njia tu ikaingia kwa mtoto wa kike. Na kwetu hakuna anayesafiri kwa jambo kubwa kabla haijasomwa hitima kwa marehemu mwenye jambo lake. Hitima nayo haisomwi watu wakaenda zao na midomo mikavu. Kuna mbuzi, kuna wali, kuna nazi, kuna sukari ya chai.

"Bibi," nikasema kwa adabu zote nilizokuwa nazo, "si tusome Yasini tu, tukafukiza ubani?"

"Mkono mtupu haulambwi, mjukuu wangu. Na hao waliokuchangia, watakula Yasini?"

Nikamtazama mama anisaidie. Mama alikuwa anapepeta mchele.

Basi pesa zangu zikaliwa mbele ya macho yangu, tena na wale wale waliozitoa. Na laiti wangekuwa wabaya! Waliniombea kwa dhati, machozi yanawatoka, mikono ina mafuta ya mbuzi. Nikaitikia amina kwa hasira. Kaburini bibi akanimwagia maji miguuni. Akasimulia tena vile maji yale ya vita yalivyoaminiwa, na risasi zilipoua watu, hakuna aliyeyalaumu. Walisema aliyekufa kavunja mwiko.

"Wewe usivunje," akaniambia. "Usigombane na mtu njiani."

Mjomba akanikabidhi kilichobaki. Nauli. Nauli basi.

"Na viatu, mjomba?"

"Ah! Mzee kakimbia peku tangu Matumbi, risasi za Mjerumani ziko nyuma yake. Wewe nyuma yako kuna nini?"

"Kuna ada, mjomba."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka.

Dodoma uwanja ulikuwa wa changarawe. Raba zangu ziliachia soli kwenye mchujo, nikafuzu hivyo hivyo, moja mguuni na moja inapiga makofi. Fainali nikakimbia peku. Nani angeniazima viatu, na kila mtu anavyo vyake anavikimbilia? Nilitangulia mbele, wallahi nilitangulia, hata mwalimu akawa anapiga kelele jina langu. Lakini mguu wa Mbwera umezoea tope. Mizunguko ya mwisho ngozi ya nyayo ikaanza kubanduka, akanipita mmoja, wakanipita wengine, na mimi nawaona migongo tu. Nikamaliza wa sita. Mwalimu akaangalia pembeni.

Nilimpigia mwenye duka wa kwetu, aliyekuwa na simu, nikamwomba awape habari. Siku mbili sikuthubutu kupiga tena. Nilijua nitaulizwa: umevunja mwiko gani? Nikakumbuka maneno yote niliyosema njiani, yule kondakta niliyemjibu ovyo, nikajiandaa kujitetea.

Nilipopiga, mama alikuwa ameshaletwa dukani, ananisubiri.

"Mwanangu, usilie," akasema. "Wewe huna kosa. Kosa letu. Tumekaa na bibi yako na mjomba wako tukaliona: yule mbuzi alikuwa mdogo. Mzee mkubwa kama yule unampa kibuzi? Tumemwaibisha."

"Mama, sikiliza. Hakuna mashindano mengine. Muhula ukiisha..."

"Shii! Usiseme maneno mabaya. Yatatengenea yote haya, wewe jiandae. Shamba la mpunga nimeshaliuza. Mjomba wako kaondoka asubuhi kwenda Ikwiriri kununua ng'ombe."

Nilikuwa na maneno mengi. Mhasibu hali ng'ombe, mama. Utalima wapi, mama? Nilisikia anavyohema kwa furaha kwenye simu ya watu.

"Ahsante, mama," nikasema.